Je, Aliyebaki Ziwani Anapumzika?



Vijana wenzangu, leo tuongee jambo ambalo huku kwetu Muleba watu huliongea kwa sauti ya chini, tena usiku. Siku moja baada ya sala ya jumuiya kijana mmoja aliuliza hivi: "Mjomba alikufa kwenye MV Bukoba na mwili wake haukuonekana. Hana kaburi kibanjani. Nyumbani kila likitokea baya, ndoa ikivunjika, mtoto akifeli, ng'ombe akifa, utasikia: ni yule wa ziwani, hajatulia. Sasa kuna mtu anataka ukoo umchangie fedha na mbuzi, eti aende kuitoa roho yake majini na kuirudisha nyumbani. Mimi ni Mkatoliki. Nichange au nisichange?"

Ni rahisi kumjibu haraka kwamba huo ni ushirikina, usichange, tuendelee na ratiba. Lakini jibu la namna hiyo linamwacha na mama yake anayelia. Swali lake ni zito kuliko mchango. Anauliza roho ni nini, inakwenda wapi, na sisi tuliobaki tunadaiwa nini na wafu wetu.

Kwa nini jambo hili linauma

Wengi wetu tunaosoma hapa hatukuwa tumezaliwa. MV Bukoba ilitoka Bukoba, ikapitia Kemondo, na asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996 ikazama ikiwa inakaribia Mwanza. Mamia ya watu walikufa. Hadi leo idadi kamili inabishaniwa: wengine hutaja zaidi ya 800, wengine hukaribia 1,000. Sababu moja ya ubishi huo ni kwamba orodha ya abiria ilionyesha watu 443 wa daraja la kwanza na la pili, ila wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Yaani maskini wa meli ile, wenye mikungu yao ya ndizi na watoto wao mgongoni, waliondoka duniani bila jina lao kuandikwa hata kwenye karatasi.

Baadhi walizikwa pamoja kule Igoma, Mwanza. Wengine hawakupatikana kabisa.

Sasa weka jambo hilo kwenye mila zetu. Mhaya huzikwa kibanjani, kati ya migomba aliyoilima, karibu na baba na babu yake. Kaburi lake ni sehemu ya nyumba. Watoto wanacheza karibu nalo, na mgeni akija anaonyeshwa: huyu ni fulani. Asiye na kaburi pale ni kama mtu aliyetoka na hajarudi, mlango haujafungwa. Nao wazee wa zamani, kabla ya wamisionari kufika Kashozi mwaka 1892, walimtaja Wamara kuwa mwenye wafu, na Mugasha kuwa mwenye ziwa. Kwa hiyo hofu ya huyo "wa ziwani" ina mizizi mirefu, tusiidharau.

Wala si Wahaya peke yao. Ng'ambo ya ziwa, Waluo mwili ukikosekana huzika tunda la mti wa yago, na Waluhya huzika shina la mgomba. Binadamu kila mahali anahisi kwamba mwili wa mpendwa wake hautupwi tu. Je, hisia hiyo ni ya uongo? Hapana. Tobiti alihatarisha maisha yake ili kuwazika ndugu zake (Tobiti 1:17-18), na Kanisa linahesabu kuzika wafu kuwa mojawapo ya matendo ya huruma.

Roho haisubiri kaburi

Imani yetu inasema nini basi? Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 366, inafundisha kwamba roho ya kila mtu imeumbwa na Mungu moja kwa moja. Haikutengenezwa na wazazi, na haifi inapotengana na mwili. Namba 1022 inaongeza kwamba kila mtu, mara baada ya kufa, anapokea hukumu yake ya binafsi mbele ya Kristo: ama kuingia katika heri ya mbinguni, moja kwa moja au baada ya kutakaswa, ama kujitenga na Mungu milele.

Liangalie hilo neno "mara". Si baada ya mazishi, wala si baada ya kuvunja matanga. Kanisa lililisema waziwazi mwaka 1336. Kabla ya hapo Papa Yohane XXII alikuwa amehubiri kwamba roho za watakatifu zinasubiri mpaka siku ya mwisho ndipo zimwone Mungu. Watu wakasumbuka sana. Mrithi wake, Papa Benedikto XII, akatangaza mafundisho rasmi kwamba walio safi wanamwona Mungu uso kwa uso hata kabla ya ufufuko wa miili. Naye Yesu, akiwa msalabani, alimwahidi mhalifu aliyetubu paradiso siku ileile (Luka 23:43). Hakumwambia asubiri mpaka ndugu zake waupate mwili wake.

Kwa hiyo mjomba yule, dakika alipokufa, hakubaki akielea juu ya maji akitafuta njia ya kurudi Muleba. Alikutana na Kristo. Hakuna wimbi linaloweza kuishika roho, na ziwa halina mwenyewe mwingine zaidi ya Yule aliyeliumba.

Lakini tusiseme mwili si kitu

Hapa vijana tunapenda kuteleza upande wa pili. Utasikia msibani: "Mwili ni ganda tu, roho ndiyo mtu." Inasikika ya kiroho kweli, ila siyo Ukatoliki. Sisi hatukiri tu kwamba roho inaishi; kila Dominika tunakiri ufufuko. Mungu hakutuumba roho halafu akatuvika mwili kama mtu anayevaa koti la mvua. Alituumba mtu mzima, mwili na roho. Ndiyo maana mwili ulibatizwa kwa maji, ukapakwa krisma, ukapokea Komunyo. Ndiyo maana Kristo mfufuka alimwonyesha Tomaso madonda ya mwili uleule uliosulubiwa.

Hapa Kagera tunao mfano. Kardinali Laurean Rugambwa, aliyekuwa askofu wa Rutabo hapa Muleba kabla ya kuwa Kardinali wa kwanza Mwafrika mwaka 1960, alifariki tarehe 8 Desemba 1997. Alizikwa kwanza Kashozi, na mwezi Oktoba 2012 masalia yake yakahamishiwa kwa heshima kubwa katika Kanisa Kuu la Bukoba. Kama mwili ungekuwa ganda tu, kwa nini Kanisa lijisumbue hivyo baada ya miaka karibu 15?

Sasa linganisha. Kardinali alizikwa mara mbili. Abiria wa daraja la tatu hakuzikwa hata mara moja. Je, mbele ya Mungu mmoja yuko karibu na ufufuko kuliko mwenzake? Ukijibu ndiyo, umesema kwamba nguvu za Mungu zinategemea fundi wa kaburi. Heshima kwa mwili ni deni letu sisi tulio hai, nasi tunalilipa kila tunapoweza. Tusipoweza, Mungu hashindwi.

Wapo waliowahi kujaribu kumshinda. Mwaka 177, mjini Lyon, Ufaransa ya leo, watesi waliwaua Wakristo, wakaichoma miili yao na kuyatupa majivu mtoni Rhône. Lengo lao lilikuwa kuwavunja moyo Wakristo waliobaki, wasiendelee kutumaini ufufuko. Kumbe walioelewa vibaya ni wao. Kanisa linawaheshimu wafiadini wale mpaka leo.

Tena tuje karibu zaidi. Miongoni mwa Mashahidi 22 wa Uganda waliotangazwa watakatifu na Papa Paulo VI tarehe 18 Oktoba 1964, yumo Yohana Maria Muzeyi, ambaye asili yake inatajwa kuwa Minziro, mpakani mwa Kagera na Uganda. Aliuawa tarehe 27 Januari 1887, na mwili wake ukatupwa kwenye kinamasi. Hakuzikwa na ndugu zake nyumbani. Na bado Kanisa zima linasema bila wasiwasi: huyu yuko mbinguni, mwombeni awaombee. Nani atasema hajatulia?

Yohane katika Ufunuo (20:13) aliona bahari ikiwatoa wafu waliokuwa ndani yake. Kama bahari itawatoa wafu wake, ziwa letu nalo litawatoa wake. Na kitabu cha uzima kinachotajwa katika sura hiyohiyo hakina daraja la kwanza, la pili wala la tatu. Jina ambalo karani wa bandarini hakuliandika, Mungu analijua.

Chipukizi na mbegu

Sisi watu wa migomba tuna picha moja nzuri ya maisha: mgomba mkubwa ukikatwa, chipukizi lililo pembeni linachukua nafasi. Mtoto anapewa jina la babu, na wazee wanasema babu hajafa. Ni picha ya kweli kuhusu ukoo. Lakini kuhusu ufufuko haitoshi. Chipukizi si ule mgomba uliokatwa, ni mwingine. Babu haishi kwa sababu mjukuu ana jina lake. Babu anaishi kwa sababu Mungu anamshikilia yeye mwenyewe, na siku ya mwisho atafufuka yeye, mwenye mwili wake, akijulikana kuwa ndiye.

Mtakatifu Paulo alitumia mbegu (1 Wakorintho 15:35-44). Unafukia punje ya harage, inapasuka na kuoza, halafu kinachotokea ni kizuri kuliko ulichofukia, na bado ni harage lile. Mkulima hawezi kueleza kila hatua ya kinachoendelea udongoni, lakini hilo halimzuii kupanda.

Je, kama hakuungama?

Hofu nyingine iko chini ya hofu ya kaburi, na watu hawaitamki. Amekufa ghafla. Hakuna padre, hakuna mpako wa wagonjwa, hakuna kitubio. Na pengine tunajua hakuwa anaishi vizuri. Hali hiyo ilijirudia Bukoba Jumapili asubuhi, tarehe 6 Novemba 2022, ndege ilipoanguka ziwani karibu kabisa na uwanja. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 19 walifariki. Watu walikuwa wanajiandaa kushuka.

Kanisa linafundisha kwamba majuto kamili, yaani kutubu kwa sababu ya kumpenda Mungu, yanaondoa hata dhambi ya mauti pale mtu anapokusudia kuungama mara atakapoweza (KKK 1452). Nani anajua kilichopita moyoni mwa mtu katika dakika zake za mwisho majini? Wewe hujui, mimi sijui, na anayedai mbuzi hajui pia. Kanisa limetangaza wengi kuwa watakatifu, lakini halijawahi kumtangaza mtu yeyote kwa jina kwamba yuko motoni. Hilo halitupi ruhusa ya kuchezea maisha. Linatuzuia kukata tamaa juu ya wengine na kutukumbusha sisi kuungama mapema, maana na sisi tunapanda meli, basi na bodaboda.

Na wengi wanaokufa katika urafiki wa Mungu hawajawa safi kabisa. Hapo ndipo toharani inapoingia (KKK 1030-1032). Toharani si jela ndogo ya motoni, wala si mahali roho inapozurura ikitafuta wa kumdhuru. Ni utakaso wa watu ambao wokovu wao una hakika. Nao tunaweza kuwasaidia. Yuda Makabayo alikusanya fedha kwa ajili ya askari waliokufa vitani, akazipeleka Yerusalemu itolewe sadaka kwa ajili ya dhambi zao, kwa sababu aliamini ufufuko (2 Makabayo 12:39-46). Ona: kuchangia wafu si jambo geni katika Biblia. Swali ni kuchangia nini, na kwa roho gani.

Basi, nichange?

Sasa turudi kwenye mchango. Jibu langu ni hapana, usichange, na sababu si moja.

Ya kwanza ni Amri ya kwanza. Kuita wafu na kuagua ni kutafuta nguvu pembeni ya Mungu (KKK 2116). Hilo tumelisikia tangu mafundisho ya Komunyo ya kwanza.

Ya pili ni haki. Anayeuza dawa ya hofu anahitaji hofu isiishe. Mwaka huu mbuzi mmoja, mwakani roho itakuwa "imekwama njiani" na itahitaji wawili. Ada ya shule ya mtoto inaishia hapo.

Ya tatu ndiyo inayonigusa zaidi, ni upendo. Fikiri huyo mjomba alikuwa nani. Alikuwa mtu aliyebeba watoto wa dada yake mabegani, aliyesafiri labda kutafutia familia riziki. Leo tunamsingizia kwamba anavunja ndoa na kuua ng'ombe wa dada yake mwenyewe! Tumemgeuza mpendwa wetu kuwa mdai asiye na huruma. Akiwa mbinguni, anatuombea mema. Akiwa toharani, anakua katika upendo na anahitaji upendo wetu. Katika hali zote mbili, kumwogopa ni kumkosea.

Lakini wazee wako wana nusu ya ukweli, na nusu hiyo usiitupe. Wanahisi kwamba kuna jambo halijafanyika kwa ajili ya huyu mtu. Wanahisi kwamba wafu na walio hai bado ni ndugu. Sisi tunaliita hilo ushirika wa watakatifu. Kwa hiyo usiende kwenye kikao cha ukoo na mikono mitupu ukisema tu "sichangi, mimi nimeokoka na mila". Salimia, kaa chini, sikiliza mpaka mwisho, kisha peleka pendekezo. Kwa mfano:

1. Fedha ile ya mbuzi itolewe kuwa nia ya Misa, tarehe 21 Mei au siku nyingine, na ukoo wote uende. Misa ya kumwombea marehemu haihitaji mwili kuwepo.

2. Liandikwe jina lake kibanjani, kwenye msalaba au jiwe, kando ya makaburi ya wazazi wake. Ongeeni na paroko, mwombeni aje awaongoze katika sala. Hapo hamwiti roho wala hamfungi chochote. Mnakumbuka, kama Igoma wanavyokumbukwa wengine.

3. Kuanzia tarehe 1 hadi 8 Novemba, nendeni makaburini mkawaombee wafu. Kanisa linatoa rehema kamili kwa ajili yao kwa masharti ya kawaida: kuungama, kupokea Komunyo, kusali kwa nia za Baba Mtakatifu, na kutofungamana na dhambi yoyote. Rehema hiyo unaweza kumtolea mtu ambaye kaburi lake hulijui.

4. Kama aliacha deni, lipeni. Kama aliacha ugomvi, msameheni. Kama aliacha yatima ambaye shamba lake lilichukuliwa na ndugu, mrudishieni. Huenda jambo ambalo "halijatulia" katika ukoo ni hilo, na lipo nchi kavu.

Mama wa huyo marehemu atalia siku ya Misa, naye aachwe alie. Yesu alijua kwamba atamfufua Lazaro, na bado alilia kaburini (Yohana 11:35). Imani haitukatazi machozi. Paulo aliwaandikia Wathesalonike wasihuzunike kama watu wasio na tumaini (1 Wathesalonike 4:13), hakuwaambia wasihuzunike kabisa.

Kwa hiyo, je, aliyebaki ziwani anapumzika? Hatuwezi kusema kwa jina nani tayari anamwona Mungu na nani bado anatakaswa. Tunachojua ni kwamba hakuna aliyepotea njia kwa sababu ya kukosa kaburi. Ukipita Kemondo ukaliangalia ziwa, huna haja ya kuogopa. Sali Raha ya Milele, mara moja tu inatosha, kisha endelea na safari.

Tuombe: Ee Bwana Yesu, uliyetembea juu ya maji na kulala katika kaburi la kuazima, wapokee ndugu zetu waliokufa ziwani, wenye majina yaliyoandikwa na wasioandikwa. Watakase, uwape amani yako. Utuondolee hofu inayotufanya tuwaogope tuliowapenda, na utupe bidii ya kuwaombea mpaka siku utakapotukutanisha tena, mwili na roho. Mtakatifu Yohana Maria Muzeyi, utuombee. Amina.